Mapigo Yamerudi, Sasa Je? Mwongozo Kamili wa Lini Mgonjwa Aingie Kathilabu Baada ya Moyo Kusimama

Makosa ni yale yale mawili, na yanajirudia zamu hadi zamu.

La kwanza: mgonjwa aliyeangukia nyumbani au barabarani anafika chumba cha dharura mapigo yakiwa yamerudi. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) inapigwa dakika ya pili, mstari unaonekana umepanda, basi ni mbio hadi kathilabu, chumba cha kupiga picha na kufungua mishipa ya moyo. Mishipa inakutwa misafi, na wakati huo presha imeshuka hadi 60 kwa 30 bila mtu wa kuishughulikia.

La pili ni kinyume chake. ST (kipande cha mstari wa ECG ambacho hupanda mshipa wa moyo ukiziba) imepanda waziwazi, lakini kwa kuwa mgonjwa hajazinduka, timu inampeleka ICU, wodi ya mahututi, "aamke kwanza". Akija kuamka, msuli wa moyo umeshakufa.

Swali la kujiuliza ni moja: je, kuna mshipa wa moyo ulioziba sasa hivi? Kama upo, kila dakika ni hasara. Kama haupo, kathilabu inaweza kusubiri, na mara nyingi inapaswa kusubiri.

Mwongozo huu ni kwa madaktari wa zamu, wauguzi wa dharura na wahudumu wa ambulansi wanaopokea mtu mzima ambaye moyo ulisimama nje ya hospitali kisha ukarudi kupiga. Hauwahusu majeruhi wa ajali. Pia moyo kusimama si lazima uwe mshtuko wa moyo: kuziba kwa mshipa ni sababu mojawapo tu.

## Viwe mkononi kabla hujaanza

- Mashine ya ECG yenye karatasi ya kutosha na waya zote 10, pamoja na vibandiko vya ziada kwa ajili ya mgongoni na upande wa kulia.
- Difibrileta (mashine ya kushtua moyo), pedi zikiwa zimebandikwa kifuani. Usizibandue kwa sababu mapigo yamerudi.
- Mashine ya kupumulia au begi la kupuliza, na kipimo cha kabonidioksidi ya pumzi kama kipo.
- Noradrenalini (dawa ya kupandisha presha), pampu ya sindano, kanula mbili kubwa.
- Ultrasaundi ya kubebeka.
- Vipimo vya haraka: sukari, potasiamu, gesi za damu, lakteti (asidi inayopanda mwili ukikosa oksijeni), wingi wa damu.
- Aspirini, heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na mpira wa puani wa kwenda tumboni.
- Simu ya daktari wa moyo aliye zamu, iwe imeandikwa ukutani. Namba iliyomo kwenye simu ya muuguzi aliyeenda likizo haimsaidii mgonjwa.

## Hatua ya 1: Andika saa nne

Saa aliyoanguka. Saa kifua kilipoanza kubonyezwa. Saa aliposhtuliwa kwa mashine mara ya kwanza, kama alishtuliwa. Saa mapigo yaliporudi.

Maamuzi yote yanayofuata yanategemea saa hizi. Ziandike kwa mfumo wa saa 24. Barua ya rufaa inayosema "alianguka 2:30" inaweza kumaanisha saa mbili na nusu usiku kwa aliyeiandika, na saa nane na nusu mchana kwa anayeisoma. Andika 20:30, ubishi uishe.

Kisha muulize aliyeshuhudia, kwa lugha ya kawaida: "Mama, ulimwona mzee akianguka, au ulimkuta ameshaanguka? Kabla ya hapo alilalamika nini: kifua, kichwa, au pumzi? Kuna mtu alimbonyeza kifua? Dawa zake ziko wapi?"

Majibu hayo yana thamani kuliko vipimo vingi. Kifua kilichobana tangu asubuhi kinaelekeza kwenye mshipa wa moyo. Kichwa kilichouma ghafla kama kimepigwa rungu kinaelekeza kwenye damu kuvuja ubongoni. Mguu uliovimba upande mmoja baada ya safari ndefu unaelekeza kwenye donge la damu mapafuni. Mfuko wa plastiki wenye dawa ufungue mwenyewe: spironolaktoni pamoja na enalaprili kwa mtu mwenye figo mbovu ni potasiamu ya juu mpaka vipimo vikanushe.

## Hatua ya 2: Tengeneza pumzi na presha

Hatua hii huanza hapo hapo, kabla ya ECG ya kutegemewa. Mgonjwa ambaye pumzi na presha hazijashughulikiwa hasafirishwi, hata kama kathilabu iko ghorofa ya juu.

Oksijeni. Anza na 100% mpaka kipimo cha kidoleni kisomeke kwa uhakika, kisha punguza ubaki kwenye 94 hadi 98%. Usipunguze kwa kubahatisha pale mkono ukiwa baridi na kipimo hakisomi. Kukosa oksijeni kunaua ubongo haraka kuliko kuizidisha.

Kabonidioksidi. Lenga 35 hadi 45 mmHg. Kosa la kawaida ni kupuliza begi kwa hofu, pumzi 25 au 30 kwa dakika. Kaboni ikishuka sana, mishipa ya ubongo inajibana na damu ya ubongoni inapungua. Pumzi 10 hadi 12 kwa dakika ni mwanzo mzuri.

Presha. Angalia presha ya wastani, ile ambayo mashine huionyesha kwenye mabano. Isiwe chini ya 65. Ikiwa mapafu ni makavu, jaribu mililita 250 za dripu ya chumvi na uangalie. Isipopanda, anzisha noradrenalini.

Hesabu yake: miligramu 4 ndani ya mililita 50 za dekstrosi 5% zinakupa mikrogramu 80 kwa kila mililita. Mgonjwa wa kilo 70 ukimwanzishia mikrogramu 0.05 kwa kilo kwa dakika, anahitaji 3.5 kwa dakika, sawa na 210 kwa saa. Gawanya kwa 80: pampu iwekwe takribani mililita 2.6 kwa saa. Bandika hesabu hiyo kwenye pampu. Kama huna laini kuu (mpira wa dripu kwenye mshipa mkubwa wa ndani), tumia mshipa mkubwa karibu na kiwiko kwa muda mfupi, na kagua ngozi mara kwa mara. Ikiwa nyeupe au imevimba, hamisha upesi.

Sukari. Chini ya 4 mmol/l, tibu.

*Utajua umefanikiwa pale* presha ya wastani inapokaa 65 au zaidi, oksijeni 94 hadi 98%, na difibrileta haijahitajika tena.

## Hatua ya 3: Piga ECG, lakini subiri dakika 8

Hapa ndipo wengi wanapotelezea.

Moyo uliotoka kusimama umepitia kukosa damu, adrenalini nyingi, asidi na shoti za umeme. Dakika za mwanzo unachora ST iliyopanda hata kama mishipa yote iko wazi. Utafiti wa vituo vya Pavia, Lugano na Vienna, uliochapishwa 2021 ukiwa na wagonjwa 370, uligawanya ECG kwa muda tangu mapigo kurudi. Zilizopigwa ndani ya dakika 7 zilidanganya kwa 18.5%: zilionyesha mshtuko wa moyo ambao anjiografia (picha ya mishipa ya moyo) haikuuona. Kati ya dakika 8 na 33 uongo ulishuka hadi 7.2%, na baada ya hapo 5.8%.

Kwa hiyo tumia dakika hizo 8 kwa hatua ya 2. Kama ECG imeshapigwa mapema na imepanda, mpigie daktari wa moyo ajiandae, lakini rudia kipimo kabla mgonjwa hajasukumwa kuelekea kathilabu.

Namna ya kuipiga:

1. Futa jasho na jeli ya ultrasaundi kwa gozi kavu. Nyoa palipo na nywele nyingi. Kibandiko kinachoteleza kinatoa mstari unaotetemeka, na mstari huo hausomeki.
2. Pedi za difibrileta zikizuia nafasi ya kibandiko, sogeza kibandiko kidogo na uandike kwenye karatasi kwamba umesogeza.
3. Hakikisha kasi ni milimita 25 kwa sekunde na kipimo ni milimita 10 kwa milivolti 1. Mashine iliyoachwa kwenye nusu kipimo inaonyesha ST ya milimita 2 kama milimita 1, na mgonjwa anakosa matibabu kwa sababu ya kitufe.
4. Andika saa ya kipimo na dakika tangu mapigo kurudi.
5. Ongeza waya wa V4R upande wa kulia ikiwa waya za II, III na aVF zimepanda. Ongeza V7 hadi V9 mgongoni ikiwa V1 hadi V3 zimeshuka.

ST ihesabiwe kuwa imepanda ikiwa ni kwenye waya mbili au zaidi zinazopakana. Kwenye V2 na V3: milimita 2 kwa mwanamume wa miaka 40 na zaidi, 2.5 kwa aliye chini ya 40, na 1.5 kwa mwanamke. Waya nyingine, milimita 1. Mgongoni, nusu milimita inatosha.

Tahadhari juu ya waya wa aVR. Ikipanda peke yake huku waya nyingi nyingine zikishuka, moyo wote unalia njaa ya damu. Baada ya moyo kusimama, sababu mara nyingi ni presha ya chini au damu kupungua, na picha hiyo hujifuta presha ikitengemaa. Rudia ECG baada ya dakika 15 hadi 20 kabla ya kuamsha timu nzima.

## Hatua ya 4: Tafuta mwizi mwingine

Wakati unasubiri hizo dakika, weka ultrasaundi kifuani. Unatafuta vitu vichache: maji yanayobana moyo, ventrikali (chemba ya chini ya moyo) ya kulia iliyovimba, ukuta wa moyo usiosogea eneo moja, na mshipa mkuu uliopanuka. Ventrikali ya kulia isikuharakishe kusema ni donge la mapafu. Huvimba kidogo baada ya moyo kusimama kwa sababu yoyote.

CT ya kichwa itangulie kathilabu na heparini pale ambapo:

- aliumwa kichwa ghafla au alipata degedege kabla ya kuanguka;
- kuna jeraha la kichwa;
- mboni moja ni kubwa kuliko nyingine;
- mashine ya kwanza kumfikia ilikuta moyo umenyamaza au una umeme usiosukuma damu, na hakuna dalili yoyote ya moyo kabla.

Damu kuvuja ubongoni inaweza kubadilisha ECG ikafanana kabisa na mshtuko wa moyo. Ukimpa mgonjwa huyo heparini, umemmalizia.

Aliyezama majini, aliyepigwa na umeme, aliyekunywa sumu, aliyekabwa na chakula, mwenye pumu iliyombana: sababu mnayo tayari. Hawa hawana haraka ya anjiografia.

## Hatua ya 5: Mweke kwenye fungu lake

Fungu A: ST imepanda na imebaki imepanda. Kathilabu mara moja. Kutozinduka si sababu ya kuchelewa, kwani hakuna anayeweza kujua hatima ya ubongo saa ya kwanza.

Fungu B: ST haijapanda, lakini moyo hautulii. Maana yake presha haishikiki bila dawa nyingi na eko (ultrasaundi ya moyo) inaonyesha moyo dhaifu, au mtetemo wa ventrikali unarudi tena na tena. Huyu naye ni wa dharura, mradi umeshaondoa sababu za hatua ya 4.

Fungu C: ST haijapanda na presha imetulia. ICU kwanza.

Fungu C ndilo linaloleta mabishano, kwa hiyo tuzungumze kwa takwimu. Utafiti wa COACT wa Uholanzi, 2019, ulilinganisha wagonjwa 538 waliopatikana na mapigo ya kushtulika, yaani yale ambayo difibrileta inaweza kuyarekebisha, na wasio na ST iliyopanda. Baada ya siku 90 walikuwa hai 64.5% ya waliopelekwa kathilabu papo hapo na 67.2% ya waliosubiri. TOMAHAWK ya Ujerumani na Denmark, 2021, ilichambua wagonjwa 530, wakiwemo wenye mapigo yasiyoshtulika: vifo vya siku 30 vilikuwa 54% kwa walioharakishwa na 46% kwa waliosubiri. Tofauti hizo zinaweza kuwa za bahati, lakini hakuna hata moja inayoegemea upande wa haraka. Mwongozo wa chama cha madaktari wa moyo wa Ulaya wa 2023 unasema wazi kwamba haraka ya mazoea kwa fungu hili haishauriwi.

Kwa nini? Kwenye COACT, donge lililoziba mshipa kabisa lilikutwa kwa takribani mgonjwa mmoja kati ya 20. Wengi wa waliobaki walikuwa na mishipa misafi au utando wa zamani uliokuwepo kabla hawajaanguka. Kinachowaua wengi wao ni ubongo, na kila saa wanayolala mezani ni saa ya kuchelewa kutunza huo ubongo.

Kuna wagonjwa ambao hata kwa fungu A na B daktari mwandamizi aitwe kabla ya uamuzi: hakuna aliyeona akianguka, hakuna aliyembonyeza kifua, moyo ulinyamaza tangu mwanzo, mapigo yalichukua zaidi ya dakika 30 kurudi, pH chini ya 7.2, lakteti juu ya 7, umri zaidi ya miaka 85, au figo zilizokwisha. Moja peke yake haimwondoi mtu kwenye foleni. Zikirundikana nne au tano, kuna uwezekano mdogo kwamba kathilabu itabadilisha mwisho, na familia ielezwe hivyo mapema, kwa upole, wakiwa wamekaa.

## Hatua ya 6: Kama kathilabu iko mbali

Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, hii ndiyo hali halisi. Kathilabu za umma zinahesabika: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, na chache nyinginezo katika miji mikubwa.

Fungu C lisisafirishwe usiku kwa ajili ya anjiografia peke yake. Fungu A lina swali la ziada: je, mshipa utafunguliwa ndani ya dakika 120 tangu ECG isomwe? Hesabu kwa ukweli, pamoja na foleni na muda wa kuiita timu kutoka nyumbani.

Kama haiwezekani, fikiria dawa ya kuyeyusha donge. Tenektepleisi hutolewa kwa uzito, mara moja mshipani: chini ya kilo 60, miligramu 30; kilo 60 hadi 69, 35; 70 hadi 79, 40; 80 hadi 89, 45; 90 na zaidi, 50. Aliyezidi miaka 75 apewe nusu. Streptokinesi ni yuniti milioni 1.5 kwa dakika 30 hadi 60. Presha ikishuka, punguza mwendo wa dripu.

Onyo: kifua kilichobonyezwa zaidi ya dakika 10, au kwa mbavu kuvunjika, kinaongeza hatari ya kuvuja damu. Si marufuku kabisa, ila uamuzi ufanywe na daktari mwandamizi pamoja na daktari wa moyo kwenye simu. Kama kuna shaka yoyote ya kichwa, bila CT usiipe.

*Mafanikio:* ST iliyokuwa juu zaidi imeshuka kwa nusu au zaidi dakika 60 hadi 90 baada ya dawa. Isiposhuka, anahitaji kathilabu ya uokoaji, hata kama ni mbali. Ikishuka, asafirishwe hata hivyo, anjiografia ifanyike kati ya saa 2 na 24.

Oksijeni ya safari ndiyo inayosahaulika. Chukua mfano wa Morogoro hadi Dar es Salaam, takribani kilomita 190. Mashine inatumia lita 8 kwa dakika. Safari pamoja na foleni ni saa 3. Lita 8 mara dakika 180 ni 1,440. Ongeza nusu yake kwa dharura: 2,160. Mtungi wa saizi F ukijaa una lita 1,360, kwa hiyo ibebwe miwili. Soma geji mwenyewe. Usikubali neno "umejaa" kwa mdomo.

## Hatua ya 7: Ndani ya kathilabu

Aspirini miligramu 300 isagwe ipitie mpira wa puani. Klopidogreli (dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda) isitangulie, subiri mishipa ionekane, kwa sababu nusu ya safari unaweza kugundua anayevuja damu tumboni. Ikishahitajika, kumbuka kwamba tumbo la mtu aliyetoka kusimama moyo linafyonza dawa polepole, hivyo stenti (kimirija kinachoshikilia mshipa wazi) mpya ina hatari kubwa ya kuziba saa za mwanzo. Weka jicho kwenye ECG.

Katheta (mpira mwembamba unaopitishwa hadi kwenye moyo) ipite mkononi ikiwezekana, maana paja huvuja zaidi.

Mgonjwa ambaye presha imeporomoka hadi viungo vinakosa damu afunguliwe mshipa uliosababisha tatizo, basi. Utafiti wa CULPRIT-SHOCK wa 2017 ulionyesha kifo au figo kushindwa hadi kuhitaji mashine kwa 45.9% ya waliofunguliwa mshipa mmoja, dhidi ya 55.4% ya waliofunguliwa yote kwa mkupuo. Mingine ina siku yake.

Mtu mmoja asimame kichwani pa mgonjwa kazi yake ikiwa pumzi, presha na dawa za usingizi tu. Asishike kitu kingine.

## Hatua ya 8: ICU, na siku ya anjiografia iliyosubiri

Zuia homa kwa saa 72: isivuke 37.7. Parasetamoli, feni, vitambaa vya maji, kupunguza mashuka. Akiwa na 35.5 mwenyewe, usimpashe moto kwa nguvu.

ECG irudiwe kila baada ya saa 6 hadi 8 siku ya kwanza, na wakati wowote mashine inapolia. Fungu C linageuka kuwa A au B pale ST inapopanda, mtetemo wa ventrikali unaporudi, au presha inapoporomoka bila sababu nyingine. Troponini (kipimo cha damu cha kuumia kwa msuli wa moyo) iliyopanda peke yake haimhamishi. Karibu kila moyo uliosimama na kushtuliwa hutoa troponini.

Wale waliotulia wanapelekwa kathilabu wanapozinduka, kwa kawaida baada ya siku kadhaa. COACT walisubiri takribani siku 5. Kabla ya siku hiyo hakikisha figo zimetengemaa, wingi wa damu haushuki, na mgonjwa mwenyewe au ndugu zake wameelezwa kinachotafutwa. Asiyezinduka asitabiriwe mwisho wake kabla ya saa 72, wala kwa kipimo kimoja.

Anjiografia ikikuta mishipa misafi, kazi haijaisha. Msuli uliotanuka, uvimbe wa msuli wa moyo, kasoro za umeme za kuzaliwa: vyote hivyo hutafutwa kwa eko, MRI na ECG ya utulivu. Aliyesimama moyo kwa mtetemo wa ventrikali bila sababu inayoondoleka asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla daktari wa moyo hajajibu swali la difibrileta ya kupandikizwa. Na kama kasoro ni ya kurithi, ndugu wa tumbo moja na watoto wake waitwe nao wapigwe ECG.